Kutoka kalamu hadi kamera: Safari ya Amil Shivji katika filamu za Kitanzania

Na Mwandishi Wetu, Kilwa

KATIKA Kata ya Mitole na nyingine nyingi za Wilaya ya Kilwa, mkoani Lindi, filamu haimfikii mtazamaji kupitia jumba la sinema. Humfikia kupitia runinga ya nyumbani, simu ya mkononi, au kibanda cha video ambako watu hukaa kwenye mabenchi baada ya kulipa kiingilio kidogo mlangoni. Filamu ikiisha, watazamaji hutoka wakitaja majina ya waigizaji. Huyu ameonewa, yule ana roho mbaya, fulani safari hii hakuigiza vizuri. Ni nadra kumsikia mtu akiuliza maneno yale yaliandikwa na nani, na ni nani aliyeamua kamera isimame wapi wakati yanasemwa.

Swali hilo lina uzito kuliko linavyoonekana, kwa sababu majibu yake ndiyo yanayoamua ni hadithi zipi za nchi hii zitaonekana kwenye skrini na zipi zitabaki midomoni mwa wazee hadi wazee hao waishe. Miongoni mwa Watanzania ambao kazi zao zinasaidia kulieleza ni Amil Shivji wa Dar es Salaam, mtunzi na mwongozaji aliyepita katika redio, filamu fupi, filamu ndefu, filamu ya makala, utayarishaji wa kazi za wenzake na ufundishaji wa filamu katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Jina la ukoo wake si geni kwa wasomaji wa magazeti. Baba yake ni Profesa Issa Shivji, mwanasheria na mwanazuoni aliyefundisha kwa miaka mingi katika chuo hicho hicho. Mtoto hakufuata sheria. Alifanya kazi ya uandishi wa habari na utangazaji wa redio, akasomea filamu katika Chuo Kikuu cha York mjini Toronto, Kanada, kisha akarejea nyumbani na kuanzisha kampuni aliyoipa jina la Kijiweni Productions.

Jina hilo halihitaji tafsiri kwa mkazi yeyote wa mjini. Kijiweni ni pale vijana wanapokaa chini ya mti au pembeni mwa barabara, kila mmoja akiwa na habari yake, na mwenye kuisimulia vizuri ndiye anayesikilizwa. Filamu fupi iliyomtambulisha, Shoeshine ya mwaka 2013, inatokea hapo hapo: ni kibanda cha mng'arisha viatu jijini Dar es Salaam, ambako watu wa matabaka mbalimbali husimama kwa dakika chache, mguu mmoja ukiwa mbele ya kijana aliyeinama. Anayeng'arisha huwaona wote kuanzia chini kwenda juu. Baadaye ikaja Samaki Mchangani, nayo fupi.

Filamu fupi ni shule ngumu kwa mtunzi. Hana muda wa kueleza mhusika alizaliwa wapi na alisoma wapi. Anazo dakika chache, na kila neno lisilo na kazi huonekana.

Ili kuelewa kwa nini mtunzi huishia kuwa mwongozaji hapa nchini, inabidi kurudi nyuma kidogo. Filamu ya Girlfriend iliyotoka mwaka 2003, chini ya uongozaji wa George Tyson, ndiyo ambayo mara nyingi hutajwa kuwa mwanzo wa wimbi la filamu za video zilizokuja kuitwa Bongo Movie. Kabla yake, vikundi vya maigizo kama Kaole vilikuwa vimezoesha watazamaji michezo ya televisheni, na humo ndimo walimotoka nyota wengi wa baadaye, akiwamo Steven Kanumba aliyefariki dunia Aprili 2012. Wimbi hilo liliajiri vijana wengi, likajaza maduka ya Kariakoo kanda, kisha VCD na DVD.

Lakini lilikuwa na tabia zake. Filamu nyingi zilipigwa picha kwa siku chache, kwa fedha kidogo, na katika nyumba ya kuazima. Hadithi mara nyingi ilikuwa muhtasari, na mazungumzo yakabuniwa na waigizaji wenyewe mbele ya kamera. Mtunzi, pale alipokuwapo, alilipwa mara moja kwa mkupuo na habari zake zikaishia hapo. Filamu ikiuzwa katika sehemu mbili ili kuongeza mapato, yeye hakuulizwa kama hadithi yake ilikuwa na mwili wa kutosha kukatwa vipande viwili.

Katika mazingira hayo, mtunzi anayetaka kazi yake ifike jinsi alivyoiandika ana njia chache, na iliyo fupi zaidi ni kuongoza mwenyewe. Si kila mtunzi anaiweza. Kuandika ni kazi ya mtu mmoja na meza; kuongoza ni kazi ya kuwaelekeza watu wengi wenye njaa, jua likiwa linazama na jenereta likikataa kuwaka.

Hapa inafaa tueleze skripti ni kitu gani, maana neno hili hutumiwa ovyo. Skripti si hadithi iliyoandikwa kwa ufupi. Ni maelekezo ya kile kitakachoonekana na kusikika, tukio baada ya tukio: mahali ni wapi, ni mchana au usiku, nani yupo, anafanya nini, anasema nini. Kwa kipimo kinachotumika sana duniani, ukurasa mmoja wa skripti iliyopangwa kwa utaratibu wa kitaalamu hukaribia dakika moja ya filamu, hivyo filamu ya saa moja na nusu huwa na kurasa zipatazo 90. Kwa kuzipitia kurasa hizo, mtayarishaji hujua anahitaji nyumba ngapi, nguo ngapi, siku ngapi na fedha kiasi gani. Panapokosekana skripti, bajeti nayo huwa ni makisio.

Kisichoruhusiwa katika skripti ni mawazo ya ndani. Mwandishi wa riwaya anaweza kusema kwamba mhusika alikuwa anamchukia mumewe tangu siku ya kwanza, na msomaji akaamini. Mtunzi wa filamu hana sentensi hiyo. Lazima atafute mkono unaosita kupokea kikombe, au mlango unaofungwa taratibu mno. Anayeongoza kile alichokiandika huwa ameshaliona tendo hilo kabla waigizaji hawajafika.

Filamu ndefu ya kwanza ya Shivji akiwa mtunzi na mwongozaji, T-Junction, ndiyo iliyofungua Tamasha la Filamu la Kimataifa la Zanzibar, maarufu kama Tamasha la Nchi za Jahazi, mwaka 2017. Inamhusu Fatima, msichana aliyefiwa na baba ambaye hakuwa karibu naye, na Maria, mgonjwa anayekutana naye hospitalini. Maria anamsimulia habari za watu wa njia panda moja ya jiji, wachuuzi na vibarua wanaojipatia riziki pale na namna riziki hiyo inavyotishiwa. Fatima anaanza kurudi hospitali kwa ajili ya kusikia mwendelezo.

Filamu hiyo imejengwa juu ya usimulizi. Mtu mmoja ana hadithi, mwingine ana huzuni isiyo na maneno, na hadithi ya kwanza ndiyo inayompa wa pili mahali pa kulilia. Pia imegusa jambo ambalo filamu zetu hulikwepa, nalo ni uhusiano wa Watanzania wenye asili ya Kihindi na Waafrika ndani ya nyumba moja, hasa pale mama alipoanza akiwa mfanyakazi wa ndani katika nyumba hiyo.

Kati ya kazi zake fupi na T-Junction, Shivji alikaa pia upande wa pili wa meza. Alitayarisha Aisha ya mwaka 2015, iliyoongozwa na Chande Omar na kupigwa picha Pangani kwa ushirikiano na shirika la UZIKWASA la huko. Filamu hiyo inahusu ubakaji na jinsi mji mdogo wa pwani unavyojua kunyamaza. Mwaka 2018 ikafuata Wahenga, filamu ya makala juu ya muziki wa zilipendwa, aliyoiongoza pamoja na Rebecca Corey.

Riwaya ya darasani

Kisha likaja jambo lililobadilisha mwelekeo. Mtu aliyezoea kuandika hadithi zake mwenyewe aliichukua hadithi ya mtu mwingine, tena iliyokwisha kusomwa na maelfu.

Vuta N'kuvute ya Adam Shafi ilichapishwa mwaka 1999. Wengi waliosoma Kiswahili kidato cha tano na cha sita wanaikumbuka, mwandishi wa makala haya akiwamo, ingawa wakati ule tuliisoma kwa kutafuta dhamira na wahusika wa kuandika kwenye mtihani. Ni habari ya Zanzibar ya miaka ya 1950, katika siku za mwisho za utawala wa Mwingereza. Yasmin, msichana wa Kihindi, anaozwa kwa Raza, mwanamume mwenye umri wa baba yake. Anamkimbia, anapata hifadhi kwa Mwajuma huko Ng'ambo, na anaingia katika mapenzi na Denge, kijana aliyesoma Urusi na anayepambana na wakoloni kwa siri huku Inspekta Wright akimwinda.

Kitabu hicho kina zaidi ya kurasa 200. Kinavuka bahari hadi Mombasa na kurudi, kina kesi, kifungo, ngoma na mikutano ya usiku. Ukikifanya kuwa filamu bila kukata kitu utapata tamthilia ya televisheni ya msimu mzima. Shivji hakwenda peke yake katika kazi ya kukikata. Aliandika skripti pamoja na Jenna Bass, ambaye yeye mwenyewe ni mwongozaji wa filamu kutoka Afrika Kusini, na utayarishaji ukamhusisha Steven Markovitz wa nchi hiyo hiyo.

Walichokifanya ni kukaza macho juu ya watu wawili na mji mmoja. Ikhlas Gafur Vora aliigiza Yasmin, Gudrun Columbus Mwanyika akawa Denge, na mwanamuziki wa Zanzibar, Siti Amina, akaingia kama Mwajuma. Vichochoro vya mji vikafanya kazi ambayo kitabuni ilifanywa na aya nzima za maelezo. Mtu akiingia kwenye uchochoro mwembamba usiku, na taa ikiwa moja, hakuna haja ya kuambiwa kwamba polisi wako karibu.

Kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, filamu hiyo ina nguvu zaidi pale inaponyamaza, na inapungukiwa pale siasa ya Denge na wenzake inapopita haraka mno kuliko ilivyo kitabuni. Mwalimu wa Kiswahili anayetaka wanafunzi waitazame badala ya kusoma atajikuta ana maswali ya mtihani yasiyo na majibu. Anayeitazama baada ya kusoma atapata kitu kingine: Kiswahili cha Unguja kinachosikika kikisemwa na watu, kwa lafudhi yake, bila kutafsiriwa kwanza kichwani.

Liko suala la sheria ambalo watunzi chipukizi hulisahau. Chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, iliyoanzisha COSOTA, kugeuza kitabu kuwa filamu ni haki ya mwenye kitabu, na hakuna anayeweza kuifanya bila idhini yake. Umaarufu wa hadithi hauifanyi kuwa mali ya umma. Vivyo hivyo, mtunzi wa skripti anayekabidhi kazi yake kwa maneno ya mdomo, bila mkataba wa maandishi unaosema ameuza nini na amebaki na nini, atakuwa na kazi kubwa ya kujieleza siku filamu itakapoanza kuingiza fedha. Ndugu wasomaji wenye madaftari ya hadithi chini ya godoro wazingatie hilo kabla ya kumpa mtu nakala.

Filamu ya Vuta N'kuvute ilioneshwa kwa mara ya kwanza katika Tamasha la Filamu la Kimataifa la Toronto mwezi Septemba 2021, ikiwa ya kwanza kutoka Tanzania kuingia katika tamasha hilo. Mwaka 2022 ilishinda Tanit ya Dhahabu, tuzo ya juu ya Tamasha la Carthage nchini Tunisia. Mwaka huo huo Tanzania iliiteua kuwania nafasi katika tuzo za Oscar za 2023, kundi la filamu bora ya kimataifa. Haikuingia katika walioteuliwa mwishoni, lakini ilikuwa mara ya pili tu kwa nchi hii kupeleka filamu. Ya kwanza ilikuwa Maangamizi, mwaka 2001, iliyoongozwa na Martin Mhando na Ron Mulvihill.

Zaidi ya miaka 20 kati ya filamu moja na nyingine ni muda mrefu. Hakika katika muda huo nchi ilitengeneza filamu nyingi sana, pengine kuliko nchi nyingine yoyote ya ukanda huu. Kilichokuwa haba ni skripti zilizokaa mezani muda wa kutosha na watu wa kuzigharimia.

Katika televisheni hali imechukua sura nyingine. Siri ya Mtungi, tamthilia iliyoanza mwaka 2012, ilionesha kwamba mfululizo wa Kiswahili unaweza kuandikwa sehemu zote kwanza, ndipo kamera iwashwe. Baadaye Leah Mwendamseke, anayejulikana kwa jina la Lamata, alijijengea nafasi ya mbunifu na mwongozaji wa tamthilia, na Jua Kali iliyoanza mwaka 2021 kupitia Maisha Magic Bongo ikawa gumzo majumbani. Tamthilia hula maandishi kama moto unavyokula nyasi kavu. Kituo kikitaka sehemu kadhaa kila wiki, mtunzi hawezi tena kuwa mtu wa pembeni anayelipwa mara moja na kusahauliwa, kwani akichelewa yeye, kila mtu anakaa bure.

Hadithi za kusini

Kwa msomaji wa Kilwa na Lindi, kazi moja ya Kijiweni Productions inagusa karibu zaidi. Mwaka 2024, katika Tamasha la Berlin, ilizinduliwa filamu ya makala iitwayo The Empty Grave, yaani kaburi tupu, iliyoongozwa na Mtanzania Cece Mlay na Mjerumani Agnes Lisa Wegner, huku kampuni hiyo ya Dar es Salaam ikiwa mshirika katika utayarishaji. Inafuatilia familia za Kitanzania zinazotafuta mabaki ya wazee wao yaliyochukuliwa na Wajerumani, ikiwamo familia ya Nduna Songea Mbano, aliyenyongwa mwaka 1906 kwa kushiriki Vita vya Maji Maji. Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea na kuomba msamaha.

Vita hivyo vilifika Songea, lakini havikuanzia huko. Vilianza Julai 1905 katika vilima vya Matumbi, huko Nandete, ndani ya wilaya hii ya Kilwa, katika mashamba ya pamba ambako watu walilazimishwa kufanya kazi. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyegawa maji yaliyoaminiwa kuzuia risasi, alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, wakati vita vikiwa bado vichanga.

Jukwaani hadithi hiyo ilishapata mtunzi. Ebrahim Hussein, mzaliwa wa pwani hii ya kusini, aliandika tamthilia ya Kinjeketile, iliyochapishwa mwaka 1969, na akaweka wazi kwamba Kinjeketile wake ni zao la ubunifu na si yule wa historia. Hata jina alilitofautisha kwa herufi. Hiyo ndiyo ruhusa ambayo kila mtunzi anayegeuza jambo la kweli kuwa maigizo hulazimika kujipa, na ndiyo pia inayomletea ugomvi na wenye kumbukumbu.

Kwa nini basi kamera hazijajaa Kilwa, wakati magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yamekuwa katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1981? Barabara si kisingizio kikubwa kama zamani, kwa kuwa Daraja la Mkapa katika Mto Rufiji linapitika tangu 2003. Gharama ndiyo yenyewe. Filamu ya mwaka 1905 inahitaji nguo za wakati huo, bunduki za wakati huo, askari wengi, na kijiji kisicho na bati hata moja juu ya paa. Vuta N'kuvute ilikuwa na bahati ya kupata mji wa mawe uliosimama tayari. Nandete ya 1905 itabidi ijengwe upya kwa miti na makuti, na kabla ya kujengwa lazima mtu aiandike ukurasa kwa ukurasa ili ijulikane ni nyumba ngapi zitakazoungua.

Malighafi ipo. Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitumwa katika maeneo ya vita kurekodi masimulizi ya wazee waliokumbuka Maji Maji, na kumbukumbu za vita hivyo zilichapishwa pia chini ya uhariri wa G.C.K. Gwassa na John Iliffe. Waliohojiwa walikuwa na umri mkubwa tayari. Wajukuu wao ndio ambao leo wanaweza kukutwa jioni wakiwa kwenye benchi la kibanda cha video, wakisubiri filamu ianze.